Mfadhili ametuahidi chekechea kijijini. Tuanzie wapi?

Swali: Mimi ni mama wa watoto watatu na mjumbe wa halmashauri ya kijiji, wilaya ya Ikungi, mkoani Singida. Shirika dogo la hisani kutoka Uholanzi limetuahidi fedha za kujenga chekechea kwenye kitongoji chetu, ambacho kipo kilomita tano kutoka shule ya msingi. Watoto wadogo hawawezi mwendo huo, kwa hiyo wengi wanaanza darasa la kwanza wakiwa na miaka minane au tisa, tena bila kupitia darasa la awali. Mfadhili anataka kuanza mwezi wa nane na ataleta vijana wa kujitolea waje kujenga. Kiwanja kipo, mzee mmoja ametupa kwa mdomo. Ninachoogopa ni jengo kugeuka gofu wafadhili wakishaondoka, maana majirani zetu yamewakuta. Tuanzie wapi?

Jibu: Dada yangu, hiyo hofu yako ndiyo mahali pa kuanzia, usiiweke pembeni.

Niliwahi kuitwa kukagua chekechea moja iliyojengwa kwa fedha za hisani. Jengo lilikuwa zuri kweli, ukuta hauna ufa, mabati yanang'aa, nje kumechorwa twiga na herufi. Nilipofungua mlango nikakuta magunia ya alizeti yamepangwa mpaka usawa wa madirisha. Juu yake, sehemu ya ubao ambayo magunia hayakuifikia, tarehe ya somo la mwisho ilikuwa bado inasomeka kwa chaki. Mwalimu alikuwa binti wa kijijini aliyelipwa posho na mfadhili. Posho ilikwenda miaka miwili ikakatika. Yule binti akafundisha muhula mzima bila senti, kisha akaenda mjini kutafuta maisha. Hakuna aliyeiba na hakuna aliyejenga vibaya. Siku ya kuweka msingi, watu walihesabu tofali, nondo na mifuko ya saruji, lakini hawakuulizana nani atamlipa mwalimu mwaka wa tatu.

Kwa hiyo kabla hamjachora ramani, jibuni swali hilo kwa maandishi. Mwaka wa nne, Jumatatu asubuhi, nani atafungua mlango wa darasa, na mshahara wake utatoka wapi? Kama jibu ni "mfadhili", bado hamna shule. Kama jibu ni "wazazi watachangia", piga hesabu kwa mwaka wa ukame, siyo kwa mwaka wa mavuno mazuri.

Hapa pana jambo ambalo watu wengi hawalijui, na ndilo litakalokusaidia zaidi. Neno "chekechea" tunalitumia kwa vitu viwili ambavyo serikali inaviona tofauti. Cha kwanza ni darasa la awali, mwaka mmoja kabla ya darasa la kwanza, kwa kawaida mtoto akiwa na miaka mitano. Hilo ni sehemu ya elimumsingi na halina ada tangu Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015. Mtaala wake unatoka Taasisi ya Elimu Tanzania, na mwalimu wake anaweza kuwa mwajiriwa wa serikali. Cha pili ni kituo cha kulelea watoto wadogo mchana, kwa wale wa miaka miwili, mitatu au minne. Hicho kinasajiliwa kwa njia ya ustawi wa jamii chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na walezi wake hawako kwenye orodha ya mishahara ya walimu. Vyote viwili vina maana kubwa kwa mtoto. Lakini ukijenga cha pili huku ukitegemea mwalimu wa cha kwanza, utasubiri mpaka uchoke.

Ushauri wangu kwenu ni kuomba shule shikizi. Ikungi wanalijua neno hilo. Shule shikizi ni madarasa machache yanayojengwa karibu na watoto yakiwa chini ya shule mama, yaani ile ya msingi iliyopo kilomita tano. Mnaanza na darasa la awali, baadaye la kwanza na la pili, na mtoto akishapata miguu ya kutembea anahamia shule mama. Mwalimu mkuu wa shule mama ndiye msimamizi, wanafunzi wanaandikishwa kwenye vitabu vyake, na mwalimu anapangwa na halmashauri ya wilaya. Baada ya miaka, watoto wakiongezeka, shule shikizi huweza kusajiliwa ikasimama yenyewe. Mfadhili anapata jengo la kuonyesha kwao, nanyi mnapata mwalimu ambaye mshahara wake hautegemei barua pepe ya mtu aliye Ulaya.

Sikufichi, walimu hawatoshi, na halmashauri inaweza kuwajibu kwamba haina wa kumleta kwenu kwa sasa. Ndiyo maana nataka barua ya Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri ya wilaya iwe mkononi kabla jembe halijagusa ardhi, ikitaja kwamba shule shikizi imekubaliwa na mwalimu atapangwa lini. Mkiipata, mfadhili aombwe jambo ambalo wafadhili wengi hawalifikirii: nyumba ya mwalimu, hata ya vyumba viwili tu. Mwalimu anayepanga kilomita tano mbali atakuja akiwa amechoka, na siku za mvua kubwa hatafika. Nikiambiwa nichague kati ya darasa la pili na nyumba ya mwalimu, nachukua nyumba.

Kiwango cha serikali kwa darasa la awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Ninyi huenda mkawa na zaidi, kwa hiyo tafuteni msaidizi kutoka kitongojini, mtu mzima mwenye subira, aliyemaliza angalau kidato cha nne na anayezungumza Kinyaturu. Mtoto wa miaka mitano ambaye nyumbani hasikii Kiswahili akiingia darasani ananyamaza, na watu wanadhani ni mzito wa kuelewa. Mtu wa kumpokea kwa lugha ya mama yake wiki za mwanzo anambadilisha kabisa. Posho ya msaidizi huyo ndiyo nyepesi kuliko zote kwa kijiji kuibeba. Waambieni Waholanzi waigharamie miaka mitatu kwa kupunguza kila mwaka: mwaka wa kwanza yote, wa pili theluthi mbili, wa tatu theluthi moja, huku kijiji kikijaza nafasi inayobaki. Namna hiyo hakuna siku ambayo posho inakatika ghafla.

Kuhusu kuanza mwezi wa nane, mimi ningekataa kwa heshima. Mvua za Singida huanza kati ya Novemba na Desemba zikaenda mpaka Aprili. Ukianza Agosti bila barua, bila maandishi ya kiwanja na bila mchoro wa mhandisi wa halmashauri, utajikuta Desemba una kuta zisizo na paa, na wananchi wote wako shambani. Anzeni kujenga Mei mwakani, mvua ikiwa imekwisha na mavuno yakielekea ukingoni, ili paa likae kabla ya Novemba.

Lakini watoto wasisubiri. Darasa lianze sasa, kabla ya jengo. Tumieni nyumba ya ibada siku za wiki, au ghala la kijiji msimu ambao halina kitu. Huko nyuma mradi wa EQUIP-T, uliofadhiliwa na serikali ya Uingereza, uliendesha madarasa ya utayari wa kuanza shule kwa watoto walio mbali na awali, yakifundishwa na wasaidizi kutoka katika jamii hizo hizo, na Singida ilikuwa miongoni mwa mikoa yake. Muulizeni Afisa Elimu Kata wenu, huenda kuna mtu kijijini aliyewahi kupata mafunzo yale. Miezi tisa ya darasa lisilo na jengo itawaambia mambo ambayo hakuna mchoro unaoyasema: watoto ni wangapi hasa, nani anapika uji bila kusukumwa, mzazi gani analeta kuni. Na mfadhili ataona darasa lililo hai, jambo ambalo kwangu ni dhamana kubwa kuliko andiko lolote la mradi.

Sasa kiwanja. Neno la mzee ni la heshima, ila wanawe siku moja watakuwa na mawazo yao. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi hiyo inapita kwenye halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji. Mzee aje na mke wake na watoto wake wakubwa, aseme mbele ya mkutano kwamba ametoa, mipaka itembelewe kwa miguu na majirani wote wakiwepo, ipandwe minyaa au miti, na muhtasari uandikwe na kusainiwa. Muhtasari huo ndio unaopanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata na kisha halmashauri. Bila huo hakuna mhandisi atakayekuja.

Ila kabla ya kukubali kiwanja hicho, jiulizeni kama hakuna boma tayari. Vijiji vingi vina maboma, kuta zilizonyanyuliwa kwa nguvu za wananchi mpaka kwenye linta zikakwama hapo zikisubiri paa. Kama lipo karibu na mhandisi akasema msingi ni mzima, kulimalizia ni nafuu kuliko kuanza upya. Na wale waliobeba mawe ya boma lile kwa vichwa watajua jasho lao halikupotea, ambalo si jambo dogo pale mtakapowaita tena.

Kama mnaanza upya, chimbeni shimo la majaribio pembe mbili za kiwanja, kina cha mita moja na nusu. Kwenu kuna sehemu zenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka mipasuko kiangazi na kuvimba masika. Jengo la kawaida juu ya udongo huo litapasuka hata saruji iwe nyingi kiasi gani, kwa sababu ardhi yenyewe inapanda na kushuka. Mkiukuta, sogeeni kwenye mwinuko wenye kokoto au kichanga. Kuhama hatua mia mbili kunagharimu kikao kimoja tu cha kijiji.

Kuhusu vifaa sitasema mengi, mhandisi atawapa mchoro na mchanganuo wa gharama. Matofali ya kuchoma yanamaliza miti, na Singida haina miti ya kupoteza, kwa hiyo pendekezeni matofali ya udongo na saruji yanayofungamana, ya kushindiliwa kwa mashine. Mkanda wa zege juu ya madirisha usirukwe hata fundi akisema si lazima. Mbao za kenchi zipakwe dawa ya mchwa kabla ya kupandishwa. Zege imwagiliwe maji siku saba mfululizo, asubuhi na jioni, na hapo ndipo miradi mingi ya kiangazi inapoharibika kimyakimya, maana maji yanafuatwa mbali na watu wanaona ni hasara kuyamwaga kwenye sakafu. Asilimia 10 ya malipo ya fundi ibaki kwa mweka hazina mpaka mvua za kwanza zipite, kwa makubaliano yaliyoandikwa tangu mwanzo. Paa linalovuja litajulikana Januari.

Ninapotaka utulie na mimi kidogo ni kwenye vipimo vya mtoto. Michoro mingi ya madarasa ya awali ni darasa la sita lililopewa rangi. Niliwahi kumtazama mtoto wa kiume wa kama miaka minne, siku yake ya kwanza, amepanda juu ya tofali ili aone nje dirishani mama yake anakoelekea. Kizingiti cha dirisha kilikuwa kifuani kwa mtu mzima. Alipoteleza, alilia mpaka saa nne. Kizingiti kiwe sentimita 60 kutoka sakafuni, na nondo za dirisha zikaribiane ili kichwa kisipite. Ubao uanzie karibu na goti la mwalimu. Kwa watoto 25, chumba cha mita 7 kwa 8 kinatosha, kila mtoto anapata zaidi ya mita mbili za mraba, na inabaki nafasi ya kona za kujifunzia zinazotajwa kwenye mtaala. Madawati msinunue. Mikeka na meza fupi za fundi wa kijijini zinafaa zaidi, kwani mtoto wa umri huo anajifunza akiwa chini, akihesabu mbegu na vifuniko vya chupa.

Choo kinanitia uchungu zaidi. Mwongozo wa taifa unataka tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, na watu wakishahesabu matundu wanaona kazi imekwisha. Mtoto wa miaka mitano akisimama mlangoni mwa choo cha shimo cha watu wazima anaona giza, anasikia nzi, na tundu ni pana kuliko hatua yake. Anashika mwimo wa mlango na kugoma. Ana haki ya kugoma, kwa sababu watoto hutumbukia. Atakwenda nyuma ya jengo, au atajizuia mpaka ajichafue, kisha kesho hataki kuja. Jengeni matundu ya watoto peke yao, upana wa tundu usizidi sentimita 15, nyayo za kukanyagia zikaribiane, ukuta uwe mfupi kiasi mwanga uingie na mwalimu aweze kuona kichwa cha mtoto. Moja liwe na kiti kidogo na chuma cha kushikilia kwa mtoto mwenye ulemavu. Ndoo yenye bomba na sabuni iwe hapo hapo, kwa urefu wa mkono wa mtoto.

Hapo linakuja suala la maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Darasa lenu pamoja na baraza litakuwa na bati la kama mita 90 za mraba. Kwa mwaka wa milimita 600, paa linapokea lita 54,000, na ukitoa zinazopotea unabaki na kama lita 43,000. Watoto 25 kwa lita tano kila mmoja, za kunywa, uji na mikono, ni lita 125 kwa siku. Mwaka wa masomo una siku 194, jumla lita 24,250. Kwa hiyo bati linatosha bila kisima. Shida ni kuyatunza maji yafike Novemba. Kuanzia Mei hadi katikati ya Novemba, ukitoa likizo, ni yapata siku 110 za masomo, sawa na lita 13,750. Tangi la lita 5,000 ambalo wafadhili hulipenda kwa sababu ni la bei nafuu litakauka ndani ya siku 40. Ombeni lita 15,000, hata kwa matangi matatu, yenye kufuli kwenye bomba, na mvua ya kwanza imwagwe nje maana inaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Na watoto wakizidi 25, hesabu hii irudiwe.

Uji msiuache uwe jambo la baadaye. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Mtoto aliyeamka bila kitu hawezi kukaa na somo mpaka saa tano. Kikombe kimoja cha uji kinashikilia mahudhurio kuliko kengele yoyote. Wazazi wachangie nafaka wakati wa mavuno, kwa makubaliano ya mkutano, na iandikwe waziwazi kwamba hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa sababu mzazi wake hakuleta debe. Sheria ya kwanza ya kijiji kwenye shule hii iwe hiyo.

Fedha zisipite kwenye simu ya mtu yeyote, hata wewe. Ziingie akaunti ya benki yenye waweka saini watatu, kuwe na kamati tatu tofauti, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, na mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa kijiji na kusomwa kwenye mkutano mkuu wa kila miezi mitatu. Anayehesabu mifuko ya saruji ikishushwa asiwe yule aliyekwenda kuinunua.

Wale vijana wa kujitolea wanakuja kwa moyo mwema, na wapokeeni hivyo. Ila kujenga ukuta ni kazi ya fundi, na mafundi wa Ikungi wanasomesha watoto kwa kazi hiyo. Mwandikieni mfadhili kwamba mngependa vijana waje darasa likiwa limeanza, wakae na walimu, wajifunze nyimbo za watoto na wawafundishe za kwao. Watoto wasipigwe picha bila ridhaa ya wazazi, kwa kuwa tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na picha ya mtoto ni taarifa yake.

Kwa hiyo barua yako kwa Waholanzi iseme mambo manne: tunaomba tujenge Mei badala ya Agosti, tunaomba shule shikizi badala ya chekechea ya peke yake, tunaomba nyumba ya mwalimu na matangi viingie kwenye bajeti hata kama jengo litapungua, na tunaomba posho ya msaidizi kwa miaka mitatu ya kushuka. Ambatanisha muhtasari wa mkutano na barua ya Mkurugenzi. Saini ziwe tatu, yako, ya mwenyekiti wa kijiji na ya mwalimu mkuu wa shule mama, na nakala moja ibaki kwenye jalada la mtendaji wa kijiji, ili hata ninyi mkihama au uongozi ukibadilika, atakayekuja ajue nini kiliahidiwa na nani.